Je, Fedha Humfanya Maskini Kuwa Mvivu?

Katika mikutano ya jumuiya ndogondogo za pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, tangu Mbagala na Chamazi hadi Tegeta na Bunju, kuna neno moja lisilokosa kusemwa kila linapozungumzwa suala la kuwasaidia maskini. Neno lenyewe ni hili: "Ukiwapa fedha, watalala." Hunenwa na watu wema, tena mara nyingi na wale wale wanaochangia kwa moyo. Lilisemwa juu ya kaya zilizoandikishwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF. Husemwa juu ya akiba ndogo ya wana Vinsenti. Na sasa linasemwa juu ya jambo kubwa zaidi ambalo vijana wetu wamelisikia na wanatuuliza: kipato cha msingi kwa wote.

Kipato hicho ni fedha ambayo serikali humpa kila mtu, tajiri na maskini, kila mwezi, pasipo kumwuliza kama anafanya kazi na pasipo kupima umaskini wake. Hakuna nchi ya Afrika Mashariki iliyokwisha kufanya hivyo kwa raia wake wote. Lakini sehemu za wazo hili zimejaribiwa, nyingine karibu nasi sana, na yaliyotokea yameandikwa. Kwa sababu hiyo hatuna ruhusa ya kulijibu swali kwa kubahatisha. Kumwita jirani mvivu ni kumshtaki, na anayeshtakiwa anastahili ushahidi uletwe.

Shtaka hili ni la zamani katika nchi yetu. Wajerumani walipoanzisha kodi ya nyumba mwishoni mwa karne ya 19, mojawapo ya makusudi yake lilikuwa kumtoa Mwafrika katika shamba lake na kumsukuma akatafute fedha katika mashamba ya walowezi. Chini ya Waingereza kodi ziliendelea, na manamba wakasafirishwa kutoka mbali hadi kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro. Wenye mashamba walikuwa na hoja waliyoiona kuwa ya hekima: mwongezee mtu huyu ujira, naye atafanya kazi siku chache zaidi, kwa kuwa ni mvivu wa asili. Haikuwapitia akilini kwamba mtu huyo alikuwa na mtama wake nyumbani unaohitaji kupaliliwa.

Baada ya Uhuru shtaka lilibadili mavazi tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kijiji cha Gezaulole, ng'ambo ya Kigamboni, kilianzishwa ili wasio na ajira mjini wakalime huko. Jina lenyewe kwa Kizaramo ni "jaribu uone". Mwaka 1983 ikatungwa Sheria ya Nguvu Kazi, na katika mitaa ya jiji letu watu wasio na kitambulisho cha kazi walikamatwa kama wazururaji na kupelekwa vijijini na mashambani. Wengi walirudi baada ya muda mfupi. Miongoni mwao walikuwamo wachuuzi wadogo ambao walikuwa kazini saa ile ile walipokamatwa. Mwaka 1987 na 1988 mtafiti Aili Mari Tripp alipita katika nyumba za Manzese na Buguruni, akakuta kwamba mshahara wa mwajiriwa haukuweza kuilisha familia mwezi mzima. Familia ziliishi kwa kile walichokiita miradi, yaani maandazi, kuku, ushonaji na pombe za kienyeji, na sehemu kubwa ya miradi hiyo ilikuwa mikononi mwa wanawake. Kwa macho ya sheria ya 1983, hao hawakuwa na kazi.

Lugha yetu hapa ina busara kuliko sheria ile. Kiswahili kinatofautisha kazi na ajira. Watu wengi wa Temeke na Kinondoni hawana ajira. Wasio na kazi ni wachache mno. Mama anayekaanga vitumbua Mbagala Kizuiani huamka saa tisa usiku. Saa kumi na mbili asubuhi amekwisha kuuza nusu ya unga wake kwa abiria wa daladala. Saa tatu yumo katika foleni ya maji. Mchana anamwuguza mama mkwe aliyepooza. Jioni ana kikao cha upatu. Kule Kunduchi Mtongani wako akina mama ambao kwa miaka mingi wamekaa juani wakiponda mawe kwa nyundo ili yawe kokoto, wakilipwa kwa ndoo. Yafaa anayesema "watalala" aende kwanza aone ni saa ngapi hulala.

Sasa tuulete ushahidi. Kuanzia mwaka 2010 TASAF ilijaribu kutoa ruzuku ya fedha kwa kaya maskini katika vijiji vya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, na vijiji 40 vilivyopata vikalinganishwa na 40 ambavyo vilikuwa bado. Kaya zilizopewa ziliongeza kuku na mbuzi, na zilielekea zaidi kujiunga na mfuko wa afya ya jamii. Mtu anayenunua mbuzi amejiongezea kazi. Mbuzi hajichungi mwenyewe.

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulioanza mwaka 2012 ulizifikia kaya zaidi ya milioni moja nchini, zikiwamo za mitaa yetu. Ruzuku ya awamu ile ilikuwa na msingi wa shilingi 10,000 kwa mwezi, na nyongeza za watoto, jumla isizidi 38,000 kwa kaya nzima. Naomba kila msomaji akae na kalamu ajaribu kupanga namna ya kuacha kazi kwa kiasi hicho, huku akilipa kodi ya chumba kimoja Tandale. Mpango huo huo ulitoa pia ajira za muda kwa ujira wa shilingi 2,300 kwa siku, na watu wale wale walioitwa wavivu walijitokeza kuchimba mitaro na kutengeneza barabara. Watafiti waliowafuatilia vijana wa kaya hizo kati ya 2015 na 2017 waliona jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini: watoto na vijana walipunguza vibarua vya kulipwa nje ya nyumba, wakazidi kuchunga mifugo ya nyumbani. Kazi haikuisha. Ilihama kutoka kwa mwajiri ikaja nyumbani. Hilo lina faida na lina hatari yake pia, kwa maana mtoto anayechunga mbuzi wa mama yake bado anahitaji muda wa daftari.

Jaribio kubwa kuliko yote limefanyika kwa jirani zetu wa Kenya, katika kaunti za Siaya na Bomet. Shirika la GiveDirectly liliahidi kuwapa watu wazima wote wa vijiji 44 kiasi cha shilingi 2,250 za Kenya kila mwezi kwa miaka 12. Vijiji 80 vikapewa kwa miaka miwili. Vingine 71 vikapewa fedha zote kwa mkupuo. Na vijiji 100 havikupewa, ili viwe kipimo. Matokeo ya mwanzo yalitolewa mwaka 2023 na wachumi, akiwamo Abhijit Banerjee aliyepata tuzo ya Nobel. Jumla ya kazi waliyofanya watu haikupungua. Kilichobadilika ni aina ya kazi: vibarua katika mashamba ya wengine vilipungua, biashara za watu wenyewe zikaongezeka. Waliopewa kwa mkupuo walianzisha biashara zaidi kuliko wale wa kila mwezi kwa miaka miwili. Na wale walioahidiwa miaka 12 walifanya nini? Walicheza upatu! Walizikusanya fedha ndogo za kila mwezi ili kila mmoja kwa zamu apate kubwa ya kufanyia jambo. Hakuna mtaalamu aliyewafundisha. Akina mama wa Mtoni na Yombo wangewaelewa mara moja.

Huko Namibia, Askofu Zephania Kameeta wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri aliongoza umoja wa makanisa na vyama vya wafanyakazi uliowapa wakazi wa Otjivero-Omitara dola 100 za nchi hiyo kila mwezi, tangu Januari 2008 hadi Desemba 2009, isipokuwa wazee wa miaka 60 na zaidi ambao tayari walikuwa na pensheni ya serikali. Taarifa ya waandalizi ilisema kwamba watu wenye shughuli ya kuwaingizia kipato waliongezeka kutoka asilimia 44 hadi 55. Hakukuwa na kijiji cha kulinganisha, na wakosoaji walilisema hilo kwa haki. Tunaitaja kwa sababu ni kanisa lililotangulia kujaribu badala ya kubishana.

Ushahidi unaokwenda upande mwingine nao upo, wala haifai kuuficha. Mwaka 2024 yalitolewa matokeo ya jaribio la Marekani, katika majimbo ya Texas na Illinois, ambako watu 1,000 wenye kipato cha chini walipewa dola 1,000 kila mwezi kwa miaka mitatu. Hao walipunguza kazi kwa wastani wa saa moja na ushei kwa wiki. Basi si kweli kwamba fedha haiwezi kamwe kupunguza kazi. Lakini tupime: dola 1,000 kwa mwezi, na upungufu wa saa moja na ushei. Kwa mtu mwenye shilingi 38,000 na watoto wanne, hofu hiyo haijafika hata mlangoni.

Kuhusu pombe, ambayo wajumbe wengi huitaja kabla ya kumaliza sentensi, David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti za nchi nyingi mwaka 2014, na hawakuona kwamba ruzuku za fedha huongeza matumizi ya pombe na tumbaku. (Mlevi wa mtaani tunamfahamu sote kwa jina. Ndiyo maana tunamkumbuka tunapotaka mfano, na tunawasahau majirani 50 walionunua madaftari.)

Lakini ipo namna moja ambayo msaada kweli humkatisha mtu tamaa ya kazi, nayo ni namna tunayoitumia sisi wenyewe. Tuchukue mfano wa mjane anayepewa na kamati ya parokia unga na fedha kidogo, tuseme thamani ya shilingi 15,000 kwa mwezi. Akakopa karai na unga wa mchele kwa jirani, akaanza kuuza vitumbua, akapata faida ya shilingi 15,000. Wajumbe wakapita, wakaona meza mbele ya nyumba, wakafurahi, wakasema, "Huyu sasa anajiweza." Mwezi unaofuata jina lake halikuwamo. Amefanya kazi mwezi mzima, ameungua mikono, na mwisho wa mwezi ana kile kile alichokuwa nacho kabla hajawasha moto. Jirani yake ambaye hakujaribu lolote bado yumo katika orodha. Mfanyabiashara mkubwa wa Kariakoo akiambiwa kwamba kila shilingi atakayoipata itachukuliwa yote, atafunga duka, nasi tutamwita mwenye akili. Mjane akificha meza yake siku ya wajumbe, tunamwita mjanja.

Mipango ya serikali haijaikwepa hatari hii. Kaya za TASAF huhakikiwa, na iliyoonekana kuwa na nafuu ingeweza kuondolewa. Nia ni njema, maana fedha ni chache na wahitaji ni wengi. Lakini katika utaratibu wa namna hiyo bati jipya juu ya paa laweza kugeuka jambo la kuogopwa. Tena katika mitaa yetu, ambako aliye maskini na aliye maskini zaidi wamepangishwa vyumba viwili vya nyumba moja, nani atauweka mstari pasipo kumwonea mmoja? Manung'uniko juu ya majina yamevunja urafiki wa miaka mingi.

Hapo ndipo neno "kwa wote" linapoonyesha maana yake. Mwezi Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliwahi kuajiriwa au la, awe na mtoto tajiri au hana. Haulizwi ana mali gani. Kwa hiyo mzee wa Makunduchi akiendelea kupanda muhogo, au bibi wa Paje akiendelea kulima mwani, hapotezi hata senti. Hana sababu ya kuficha jembe. Wale wanaoogopa kwamba fedha ya wote italeta uvivu wangefaa kutambua kwamba, kwa kipimo cha uvivu peke yake, fedha ya wote ina hatari ndogo kuliko msaada wa kuchagua majina tunaouzoea.

Zipo nyumba ambazo wazo hili litazigusa kwa namna nyingine, na baadhi ni nyumba zetu. Kule Siaya na Bomet waliona upungufu walikuwa wale waliotegemea vibarua. Hapa Dar es Salaam nani anategemea kwamba mtu mwingine hana namna? Amri ya mishahara ya mwaka 2022 ilitaja kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mtumishi wa nyumbani wa kawaida anayelala kwa mwajiri wake. Nani kati yetu asiyeijua nyumba, pengine yenye picha takatifu sebuleni, isiyompa binti wa kazi hata hizo, naye huamka wa kwanza na kulala wa mwisho? Binti huyo akiwa na kipato kidogo cha uhakika kijijini kwao Singida au Iringa, huenda asikubali masharti hayo. Atasemwa kuwa hataki kazi. Kwa kweli atakuwa hataki kazi ile kwa malipo yale. Maonyo ya Mtume Paulo kwa Wathesalonike, yanayotajwa sana katika mijadala hii, yalimhusu mtu asiyetaka kufanya kazi. Si halali kuyatumia dhidi ya mtu aliyekosa ajira, wala dhidi ya mtu anayekataa kudhulumiwa. Na Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, na kipimo cha heshima yake ni yule anayeifanya.

Wengine watasema kwamba fedha ya namna hii inapingana na siasa ya kujitegemea tuliyolelewa nayo tangu Azimio la Arusha. Hoja hiyo ina uzito kwetu kuliko ile ya uvivu, kwa sababu ni kweli taifa haliwezi kuishi kwa kupewa. Lakini shule ya bure haikumfanya mtoto aache kusoma. Msingi wa kusimamia na kiti cha kulalia ni vitu viwili, na anayejitegemea naye anahitaji mahali pa kukanyaga.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni gharama. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania takribani milioni 61.7. Kumpa kila mmoja, mtoto na mkubwa, shilingi 10,000 tu kwa mwezi kungehitaji zaidi ya shilingi trilioni 7 kwa mwaka, wakati bajeti nzima ya serikali ya mwaka 2023/24 ilikuwa trilioni 44.39. Ni sehemu moja ya sita ya bajeti, nayo ina zahanati, walimu na barabara za kulipia. Mtu akitueleza kwamba nchi haiwezi kwa sasa, au kwamba ianze na wazee kama walivyoanza Zanzibar, tutakaa naye tuhesabu pamoja. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 2020 kwa vyama vya watu wa hali ya chini, alipendekeza kwamba huenda wakati umefika wa kufikiria ujira wa msingi kwa wote, akiwataja wachuuzi wa mitaani na wengine wasio na ulinzi wa kisheria. Alisema ufikiriwe, hakutoa hesabu. Hesabu ni kazi ya wabunge wetu, na ni haki yetu kuwauliza.

Yaliyo chini ya uwezo wetu hayangoji Bunge. Kabla ya kuandikwa majina ya watakaosaidiwa kwa michango ya Kwaresima ijayo, tunaziomba halmashauri za walei na kamati za parokia zizungumze upya utaratibu wao. Familia ikipokelewa, ielezwe tangu mwanzo kwamba itasaidiwa kwa miezi 12, na kwamba ikipata kamradi ndani ya muda huo haitaondolewa. Tarehe ya kutoa ijulikane, ili mama aweze kuingia katika upatu kwa uhakika. Inapowezekana itolewe fedha badala ya unga, maana yeye anajua zaidi kinachokosekana nyumbani mwake. Majina yasisomwe hadharani. Viongozi wa jumuiya wenye watumishi majumbani waanze wao kulipa kima cha sheria, kisha ndipo wafundishe wengine. Na mjumbe atakayepita kukagua, akikuta karai likichemka mbele ya nyumba ya mjane, anunue vitumbua, alipe, aendelee na nyumba inayofuata.